Mboji kwa udongo wa kichanga: shimo linanuka na mchicha unageuka njano, nifanyeje?

Mwenye Bustani (Kigamboni):

Habari zenu, ndugu wakulima. Ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam, na nyuma ya nyumba nimetenga eneo la mita 4 kwa mita 5 ninapopanda mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu na nyanya chache. Udongo wetu huku ni kichanga kitupu: maji ninayomwagilia asubuhi yanakuwa yameshapotea kufikia alasiri, na mbolea ya dukani huupa mmea nguvu kwa muda mfupi tu kabla majani hayajaanza kufifia tena. Nimeelezwa na wengi kwamba udongo wa namna hii hutibiwa kwa mboji, nami ninakubaliana nao, lakini utekelezaji wake umenishinda, ndiyo maana ninaomba maelekezo ya watu wenye uzoefu.

Hivi sasa ninatumia shimo lenye kina cha karibu mita 1. Humo huingia kila kinachotoka jikoni: maganda ya ndizi, viazi na mihogo, machicha ya nazi, mabaki ya wali na ugali, matumbo ya samaki, pamoja na majivu ya jiko la mkaa. Tangu mvua za masika zianze, shimo limejaa maji, linatoa harufu kali inayowafikia majirani, na juu yake kuna funza wengi. Tope jeusi lililochotwa chini na kuwekwa kwenye tuta la mchicha liliyafanya majani kuwa ya njano na miche midogo ikadumaa, ilhali tuta la pembeni ambalo halikuwekwa kitu liliendelea vizuri.

Je, niendelee na shimo au nihamie kwenye lundo la juu ya ardhi? Seremala aliye jirani ananipa maranda ya mbao bure. Yanafaa, au yatadhuru? Mabaki ya samaki niyatupe au niyatumie? Tena, nitajuaje kwamba mboji imeiva, na kwa eneo kama langu niweke kiasi gani? Kiwanja ni kidogo na majirani wako karibu, kwa hiyo suala la harufu lina uzito mkubwa kwangu.

Bwana Shamba Mstaafu (Morogoro):

Ndugu yangu wa Kigamboni, pole kwa adha hiyo. Kinachotokea katika shimo lako ni kuoza bila hewa. Vijidudu vinavyotengeneza mboji nzuri huhitaji oksijeni kama tunavyoihitaji sisi, na maji yanapojaza nafasi zote kati ya maganda na machicha, vijidudu hivyo hufa au hulala, na nafasi yao huchukuliwa na vingine vinavyoweza kuishi pasipo hewa. Hivi vya pili hufanya kazi polepole, na wakati wa kufanya kazi hutoa tindikali, amonia na gesi yenye harufu ya yai viza. Mchicha wako uligeuka njano kwa sababu tope hilo lilikuwa bado limejaa vitu hivyo, ambavyo huunguza mizizi michanga, na pia kwa sababu tope zito lililoshikamana huinyima mizizi hewa. Halikuwa sumu ya kudumu. Ukilitoa, ukalitandaza likapata hewa na kulichanganya na vitu vikavu, litageuka kuwa malighafi nzuri ya lundo jipya.

Kwa hiyo, kwa pwani yenye mvua kama yenu, ushauri wangu ni kuachana na shimo na kuhamia lundo la juu ya ardhi. Chagua mahali penye kivuli na pasipotuama maji. Chini kabisa weka matawi membamba au mabua yaliyokatwakatwa ili hewa ipenye kutoka chini, halafu anza kupanga tabaka. Kanuni ninayowafundisha watu ni kwamba kwa kila ndoo 1 ya vitu vibichi na vyenye majimaji, yaani maganda, magugu mabichi na mabaki ya mboga, weka ndoo 2 hadi 3 za vitu vikavu, yaani majani makavu, nyasi kavu, mabua au vipande vya karatasi na maboksi yasiyo na nailoni. Ukiona lundo linaanza kunuka, maana yake vitu vikavu vimepungua au maji yamezidi. Ukiona halipati joto na halibadiliki, mara nyingi ni kavu mno au vitu vibichi vimepungua.

Sababu ya kanuni hiyo ni uwiano wa kaboni na nitrojeni. Vijidudu hutumia kaboni kama chakula cha nguvu na nitrojeni kujenga miili yao, na hufanya kazi vizuri zaidi pale mchanganyiko unapokuwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Samadi ya kuku ina karibu 10 kwa 1, samadi ya ng'ombe karibu 20 kwa 1, mabua ya mahindi 60 kwa 1 au zaidi. Maranda ya mbao hupita 300 kwa 1, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la seremala. Maranda yakichanganywa moja kwa moja kwenye udongo wa bustani, vijidudu vitakavyojaribu kuyaozesha vitafyonza nitrojeni nyingi iliyomo ardhini, na mboga itageuka njano kwa njaa. Ndani ya lundo, hata hivyo, maranda ni rafiki mkubwa wa mtu mwenye mabaki mengi ya jikoni, kwa sababu yanafyonza majimaji na kuzuia harufu. Yatumie kwa kiasi, yasizidi robo ya vitu vikavu vyote, na hakikisha ni ya mbao tupu. Maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na yale ya mbao za kubandikwa kwa gundi, usiyapeleke bustanini kabisa.

Ukubwa wa lundo una maana kuliko watu wanavyodhani. Lundo lisilofikia mita 1 kwa urefu, upana na kimo hupoteza joto haraka na huishia kuoza baridi. Bado litatoa mboji, lakini litachukua muda mrefu, na mbegu za magugu hazitakufa. Lundo lililopangwa vizuri hupanda joto ndani ya siku chache za mwanzo na kufikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi katikati, joto ambalo likidumu kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Huhitaji kipimajoto. Choma fimbo ndefu kwa mshazari hadi katikati ya lundo na uiache humo. Ukiichomoa asubuhi na kuikuta ina joto kali kiasi kwamba huwezi kuishika kwa muda, kazi inaendelea. Ikiwa imepoa, pindua lundo kwa beleshi au uma wa shambani ili vya nje viingie ndani. Ikitoka kavu, ongeza maji. Ikitoka na utando mweupe, usiogope, ni kuvu wanaopenda sehemu kavu, na dalili hiyo pia inaomba maji kidogo.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Chukua konzi ya mchanganyiko uikamue: yakitoka matone mawili matatu katikati ya vidole, pamekaa sawa, yakichuruzika, yamezidi, pasipotoka kitu na mkono ukabaki mkavu, mwagilia. Wakati wa masika funika lundo kwa turubai au makuti. Mvua inayopita ndani ya lundo huteremka na nitrojeni pamoja na potasiamu, na katika kichanga chenu virutubisho hivyo vikishapita havirudi.

Mkaazi wa Kisauni (Mombasa):

Ninaungana na Bwana Shamba kwa mengi, na ningependa kuongeza la mtu mwenye ua mdogo, kwa kuwa sisi wa Kisauni tuna hali inayofanana sana na ya ndugu yetu: udongo wa mchanga na mawe ya matumbawe, majirani ukuta kwa ukuta, na jiko linalotoa machicha ya nazi kila siku.

Si kila mtu anaweza kukusanya vitu vya kujaza mita 1 ya ujazo kwa siku moja. Jambo linalowezekana kwa familia ya kawaida ni kuwa na mapipa 2 ya plastiki ya lita 200, yaliyotobolewa matundu ubavuni na chini, yakiwa yameinuliwa juu ya matofali. Pipa la kwanza linajazwa kidogo kidogo kila siku. Likijaa linaachwa liive huku la pili likianza kujazwa. Kando ya mapipa weka gunia la majani makavu, na iwe sheria ya nyumba kwamba hakuna mtu anayemwaga ndoo ya jikoni bila kufunika juu kwa majani makavu yenye ujazo mara 2 ya kile alichomwaga. Sheria hiyo moja ndiyo inayoondoa nzi, kwa sababu nzi hutaga mayai juu ya kitu kibichi kilicho wazi, na ndiyo inayowafanya majirani wasijue kwamba kuna mboji upande wa pili wa ukuta.

Kuhusu majani makavu, pwani tuna bahati. Mkungu hupukutisha majani mapana kwa wingi, na mwembe vilevile, ingawa majani ya mwembe ni magumu na yanafaa yavunjwevunjwe au yalowekwe kwanza. Majani ya mvinje yanaoza polepole sana. Yatumie kufunika juu ya pipa badala ya kuyachanganya ndani. Makumbi ya nazi hayaozi kwa msimu mmoja, lakini yakipasuliwa na kuwekwa chini ya pipa yanasaidia maji kuchuruzika na hewa kupita. Vifuu vyenyewe visiingie kabisa.

Machicha ya nazi yanahitaji uangalifu wa pekee. Yana mafuta, na yakimwagwa kwa fungu moja hushikamana, hukosa hewa na kuchacha kwa harufu isiyovumilika. Tawanya machicha kama mtu anayepanda mbegu, kisha changanya na majani makavu papo hapo. Matumbo ya samaki nayo yana nitrojeni nyingi na fosforasi, na wazee wa pwani wamekuwa wakiyafukia chini ya minazi na mipapai tangu zamani. Maoni yangu ni kwamba yasiingie kwenye pipa. Chimba kishimo cha sentimita 40 au zaidi pembeni mwa mti wa matunda, mbali kidogo na shina, uyafukie na kusindilia udongo juu yake ili paka na panya wasiyafukue. Mti utayala polepole, na pipa litabaki safi.

Ikiwa panya ni tatizo, zungushia pipa wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo, na usitie wali, ugali wala mabaki yenye mafuta ya kupikia. Ni afadhali ugali uliobaki uwe chakula cha kuku wa jirani kuliko kuwalisha panya.

Mkulima wa Chamwino (Dodoma):

Kwa ufupi tu, nisingependa msomaji wa kanda kavu aondoke hapa akidhani shimo ni baya popote. Dodoma mvua ni msimu mmoja na mfupi, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki upepo na jua hukausha lundo la juu ya ardhi kabla halijaiva. Huku kwetu shimo la kina cha nusu mita hadi sentimita 60, lenye matawi chini na kufunikwa kwa udongo na nyasi juu, huhifadhi unyevu na kuokoa maji ambayo hatuna. Tunachofanya ni kujaza shimo mwishoni mwa mvua wakati magugu na mabua bado yapo, na kuitoa mboji kabla ya kupanda. Tatizo kwetu ni mchwa, ambao hula mabua makavu kabla hayajaoza. Dawa yake ni kulitunza shimo likiwa na unyevu muda wote, kwa kuwa mchwa hushambulia zaidi vitu vikavu.

Mwana wa Kibanja (Bukoba):

Ndugu Mwenye Bustani, wenzangu wameeleza vizuri namna ya kutengeneza mboji. Mimi ningependa kuzungumzia kinachofuata baada ya mboji kuiva, kwa sababu naona watu wengi wanaitengeneza kwa bidii, wanaiweka mara moja, kisha wanakata tamaa udongo unaporudi kuwa kama ulivyokuwa.

Huku Kagera, hasa ukanda wa karibu na Ziwa Viktoria unaopata mvua ya karibu milimita 2000 kwa mwaka, udongo wa asili ni dhaifu. Mvua imeuosha kwa karne nyingi na kuuacha na tindikali. Mtu anayefika kwa mara ya kwanza na kuona vibanja vya migomba na kahawa vilivyostawi hudhani kwamba Wahaya walibahatika kupata ardhi nzuri, lakini akitoka nje ya kibanja na kusimama kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyo hatua chache tu kutoka hapo, ataona udongo wenye asili ileile ukiwa hauwezi kubeba hata mahindi. Rutuba ya kibanja ilitengenezwa na watu. Vizazi kwa vizazi walikata nyasi za rweya na kuzitandaza chini ya migomba, wakaleta samadi ya ng'ombe waliochungwa huko, na kila ganda la ndizi, jani na jivu la jikoni likabaki ndani ya kibanja. Vilevile tumeona upande wa pili: kaya zilizopoteza ng'ombe na kushindwa kuleta nyasi zimeshuhudia migomba yao ikipungua nguvu mwaka hadi mwaka, kwenye kibanja kilekile kilicholisha babu zao.

Ninayasema haya kwa sababu Kigamboni kuna joto kuliko huku, na joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya vijidudu vya udongo hukaribia kuongezeka maradufu. Kichanga nacho hakina mfinyanzi wa kuikumbatia mboji na kuilinda isiliwe haraka. Mboji utakayoiweka mwezi huu itakuwa imepungua sana baada ya mwaka. Weka basi kidogo kila unapobadilisha zao kwenye tuta, badala ya kumwaga yote mara moja, na juu yake usiuache udongo wazi hata siku moja. Tandaza nyasi kavu, majani ya migomba au hayohayo majani ya mkungu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina la mche. Kwa udongo wako, ninaamini matandazo yatakuokolea maji mengi na mapema kuliko mboji yenyewe, na yakioza chini yanakuwa mboji bila kupinduliwa na mtu.

Katika jambo moja ninatofautiana na desturi ya watu wengi, nalo ni majivu. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, na katika udongo wetu wenye tindikali ni baraka. Lakini yakimwagwa kwa wingi ndani ya lundo bichi lenye samadi hupandisha alkali na kuifukuza nitrojeni ikiwa gesi ya amonia. Ile harufu inayochoma pua ni mbolea inayopaa. Kwenye udongo wa matumbawe wa Mombasa, ambao tayari una chokaa nyingi, sioni sababu ya kuyatumia kabisa. Kigamboni nyunyiza kiasi cha kiganja kimoja kwa mita mraba 1, moja kwa moja kwenye tuta, mara moja au mbili kwa mwaka, na si zaidi.

Mwenye Bustani (Kigamboni):

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeanza kulitoa tope la shimoni na kulitandaza juu ya majani makavu, na harufu imepungua tangu lilipoanza kupata hewa. Nimebakiwa na maswali matatu. Kwanza, jirani anafuga kuku wa nyama na ananipa samadi iliyochanganyika na maranda ya bandani. Je, naweza kuiweka moja kwa moja kwenye tuta? Pili, bustani yangu ina magugu ya ndago wengi. Nikiwatia kwenye lundo watakufa? Tatu, nyanya zangu za msimu uliopita zilinyauka ghafla zikiwa bado za kijani, na nyingine zililiwa na kantangaze, wale viwavi wa nondo wanaotoboa nyanya. Mabaki yake bado yapo pembeni mwa uzio, nami sijui kama yanafaa kwa mboji. Ningeomba pia Bwana Shamba anipigie hesabu ya kiasi, kwa sababu bado sielewi ndoo ngapi zinatosha.

Bwana Shamba Mstaafu (Morogoro):

Ninaanza na hesabu, kwa kuwa hiyo haihitaji kubahatisha. Mboji yenye unene wa sentimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 10. Ndoo ya lita 20, kwa hiyo, inafunika mita mraba 2 kwa unene huo. Eneo lako ni mita mraba 20. Ukitaka unene wa sentimita 2 kwa kuanzia, ambao ninauona wa kutosha kwa kichanga, utahitaji lita 400, sawa na ndoo 20. Lundo hupungua hadi nusu ya ujazo wake au chini ya hapo wakati wa kuiva, hivyo lundo la mita 1 ya ujazo, lenye lita 1000 za vitu vibichi na vikavu, linaweza kukupa ndoo hizo 20 kwa taabu kidogo. Ukishaweka kiasi hicho cha mwanzo, fuata ushauri wa ndugu wa Bukoba: ndoo 1 kwa kila mita mraba 2 unapobadilisha zao, ukiichanganya na sentimita 10 za juu za udongo tu. Kuifukia chini zaidi katika kichanga ni kuipeleka mahali ambapo mizizi ya mchicha haifiki.

Ningependa pia usiitegemee mboji kwa kazi isiyokuwa yake. Mboji ya nyumbani ina nitrojeni ya asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake mkavu, na sehemu kubwa hutoka polepole kwa misimu kadhaa. Kazi yake kubwa katika udongo wako ni kushikilia: chembe za mchanga hazina uwezo wa kushikilia potasiamu wala amonia, ilhali mboji inao, na ndiyo maana mbolea yako ya dukani ilikuwa ikipotea na maji. Mboga za majani zinazovunwa mara kwa mara zinaweza bado kuhitaji samadi ya kukuzia au mbolea kidogo ya dukani, lakini safari hii utaweka kiasi kidogo, na kitabaki.

Samadi ya kuku usiiweke mbichi kwenye tuta. Ina amonia nyingi na chumvi, inaunguza mizizi, na inaweza kubeba bakteria wanaosababisha magonjwa ya tumbo, jambo la hatari kwa mboga zinazoliwa mbichi au kuchemshwa kidogo. Ndani ya lundo, hata hivyo, ndiyo kichocheo bora ulichonacho. Nyunyiza tabaka la sentimita 3 hadi 5 juu ya kila tabaka nene la majani makavu, nalo lundo litapata joto haraka. Maranda yaliyomo humo yameshalowa kinyesi cha kuku, kwa hiyo hayana ubaya wa maranda makavu ya seremala. Pasipo kuku, watu wa Nyanza na magharibi ya Kenya hutumia alizeti pori, lile gugu refu lenye maua ya njano linaloota kando ya barabara, ambalo majani yake mabichi yana nitrojeni ya karibu asilimia 3.5 ya uzito mkavu. Linapatikana hata huku Morogoro, na majani ya miti ya lukina au grilisidia hufanya kazi hiyohiyo kwenu pwani.

Ndago ni adui mvumilivu. Majani yake hayana tatizo, lakini vile vijiazi vya mizizini hustahimili lundo la joto la wastani na vitachipua tena kwenye tuta lako. Vianike juani juu ya bati au saruji mpaka vikauke kabisa na kuwa vigumu, ndipo uvitie kwenye lundo. Usifupishe zoezi hilo, kwa kuwa kijiazi kimoja kilicho hai huzaa vingine vingi kwa msimu.

Kuhusu nyanya, tofautisha matatizo mawili. Mabaki yenye kantangaze yanaweza kuingia katikati ya lundo lenye joto kali, ambako viwavi na mabuu watakufa, mradi yasibaki pembeni palipo baridi. Nyanya iliyonyauka ghafla ikiwa ya kijani ni jambo jingine. Dalili hiyo huambatana na mnyauko wa bakteria, ambao huishi ardhini kwa muda mrefu. Kuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na mizizi ukitumbukize kwenye glasi ya maji safi: ukiona uzi mweupe kama maziwa ukiteremka kutoka kwenye mkato, ni huo mnyauko. Njia hii inahitaji shina bichi, kwa hiyo kwa mabaki yaliyokwisha kukauka chukulia kwamba ugonjwa upo. Yachome moto au yafukie mbali na bustani. Usipande nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo katika tuta hilo kwa misimu kadhaa. Weka mahindi, kunde au mchicha. Angalia mizizi nayo: ikiwa na vifundo kama shanga, una minyoo fundo, ambao hupenda sana kichanga, na mabaki hayo ya mizizi pia yasiingie kwenye mboji.

Sasa kuhusu kuiva. Kwa joto la Dar es Salaam, lundo lililopinduliwa kila baada ya wiki 2 linaweza kuwa tayari kwa miezi 2 hadi 3, lakini liache litulie mwezi mmoja zaidi baada ya kupoa. Mboji iliyoiva haipandi joto tena hata ukiipindua na kuimwagilia, haitambulikani ilikuwa ganda gani, na inanukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Kabla ya kuiweka kwenye matuta yote, fanya jaribio ambalo halina gharama: jaza kopo moja mboji iliyopitishwa kwenye chekeche na kopo jingine udongo wako wa kawaida, panda mbegu za mchicha idadi sawa katika yote mawili, mwagilia sawasawa, na ulinganishe baada ya wiki moja. Zikiota chache katika kopo la mboji, au majani ya kwanza yakiwa ya njano na ncha zilizoungua, rudisha mboji chini ya turubai iendelee kutulia. Mapande makubwa yanayobaki juu ya chekeche yatie kwenye lundo linalofuata, kwa kuwa tayari yana vijidudu vya kulianzishia kazi.

Ukilianza lundo wiki hii, likiwa limefunikwa vizuri dhidi ya masika, utakuwa na mboji iliyotulia muda mrefu kabla ya mvua za vuli za Oktoba, na hapo katikati unaweza kujenga la pili kwa majani makavu utakayoyakusanya kipindi cha kipupwe. Naomba utuletee matokeo ya makopo hayo mawili, na ukiona jambo lisiloeleweka kwenye lundo, andika hapa joto la fimbo, unyevu wa konzi na vitu ulivyoweka mwisho, ili tukusaidie kwa uhakika.